Nilivyokwenda Baraka Kuchanjwa Tumbo Likiwa Tupu

Niliondoka kijijini kwetu Lubondja kwenda Baraka kwa sababu ya pumzi ya mdogo wangu Wilondja. Alikuwa mchuuzi wa samaki Kazimia, kando ya ziwa, na Korona ilimkuta huko. Nilifika Kazimia nikamkuta ameegemezwa ukutani, kwa kuwa akilala chali alikosa hewa. Kwa siku nne nilimpepea kwa mfuniko wa ndoo. Siku ya tano nilijikuta nampepea mtu ambaye amekwisha kwenda.

Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amenipigia simu. "Yaya," alisema, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, "baganga ba hospitali banasema bazee njo ba kwanza kupata vakseni. Tufanye je?" Baba yetu alipofariki, neno la nyumba lilibaki kwangu, na mdogo hakati jambo kubwa kabla mkubwa wake hajasema. Nilimjibu kwamba hakuna mtu wa nyumba yetu atakayechomwa sindano ile. Nilikuwa nimesikia kwamba waliochomwa hawatauona msimu wa pili wa mvua, na habari hiyo nilikuwa nimeirudia mbele ya watu, nje ya kanisa, kwa sauti kubwa. Wilondja akasema, "Sawa, yaya." Hakuniuliza tena.

Mimi sikusoma. Haya anayaandika mjukuu wangu Faida, nami nimemkataza kuyalainisha.

Baada ya mazishi nilirudi Lubondja nikaanza kukohoa. Yawezekana lilikuwa vumbi la barabara tu, lakini kila nilipokohoa nilimwona Wilondja pale ukutani. Niliogopa kufa kama yeye, na niliogopa sindano kwa kiasi kile kile. Muuguzi wetu alipotangaza kwamba chanjo imebaki Baraka peke yake, nilishukuru kimyakimya, kwa maana sikutaka wale walionisikia nje ya kanisa wanione nimepandisha mkono wa shati. Niliamua kwenda, nikaaga kwamba naenda kumwona Faida.

Nimelelewa katika nyumba ambayo dawa nzito huendewa tumbo likiwa tupu, na anayeiendea hamsalimu mtu njiani wala hajibu salamu, mpaka dawa iwe imemwingia. Hakuna aliyeniambia kwamba sindano ina sharti hilo, na hakuna niliyemwuliza. Nilijiambia kwamba ikiwa mizizi ya msituni inadai heshima hiyo, dawa iliyotoka mbali itadai zaidi. Baada ya kipande cha muhogo asubuhi ya siku iliyotangulia safari, sikutia tena kitu kinywani.

Alfajiri, Lubondja. Ndani ya mfuko niliweka koti langu jeusi, lile nililofungia ndoa kanisani. Mke wangu, Mama Asende, aliliona.

"Unaenda kuona Faida, ama unaenda kwenye kilio?"

Nilikaza kamba ya mfuko. Nilitaka, nikifia Baraka, wasinizike na shati la shamba.

"Na chakula ya jana hukuigusa," alisema. "Mutu mukubwa anasusa kama mutoto!"

Nilipanda pikipiki ya Alimasi, kijana ambaye tangu nimfahamu hajawahi kunyamaza. Alisalimia kila mwanamke mwenye jembe na kila mtoto mwenye dumu la maji. Mimi nilitazama mgongo wake. Watu walinipungia mikono, kisha wakaishusha polepole, na nilijua kwamba jioni nitazungumzwa.

Fizi, jua likiwa limekwisha kupanda. Alimasi alisimama kunywa chai. Mvuke wa chai na harufu ya mandazi vilinifanya nishike mti wa kibanda nisiyumbe. Hapo akatokea Etongo, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja, akanyoosha mkono kwa furaha. Nilitazama chini. Mkono wake ulibaki hewani.

"Alimasi, muzee iko mugonjwa?"

"Sijue, papa. Tangu kule hasalimie muntu. Labda anahesabu mawe ya barabara."

Etongo hakucheka. Alirudisha mkono wake mfukoni kama mtu anayeficha kitu, akaenda zake.

Kutoka Fizi kuteremka ziwani kuna kona ambazo madereva hawasimami, kwa sababu ya watu wenye bunduki. Alimasi mwenyewe alinyamaza hapo. Siku zote mahali hapo ndipo ninapoogopa kuliko pengine popote. Siku hiyo, nasema bila kujificha, nilitamani watu hao watokee watuamuru kurudi, ili nipate sababu ya kurudi isiyokuwa woga wangu. Hakutokea mtu. Tuliipita kona ya mwisho, ziwa likafunguka chini yetu, milima ya Ubwari ikiwa ng'ambo ya maji.

Baraka, karibu na adhuhuri. Joto la huku si la kwetu. Faida, anayesomea Baraka na kukaa kwa mama yake mdogo, alinipokea kwenye lango la kituo cha afya. Aliponisalimia sikumjibu, naye akanitazama kwa mashaka. Kwenye benchi tulikuwa watu kumi hivi, wengi wazee. Kando yangu alikaa Mama Salima, mjane wa mwenye mitumbwi, ushungi wake umefungwa vizuri, viatu vyake mkononi.

"Mi navua viatu mapema," alimwambia Faida, "nipate kukimbia muzuri."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kutafuta lango kwa macho.

Muuguzi, mwanamke aliyeitwa Zawadi, alitokea mlangoni akaita jina langu. Nilisimama. Nakumbuka meza, kisanduku cha baridi, na kitambaa cheupe. Kisha ukuta ukainama kuelekea kwangu.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, kichwa changu kikiwa kwenye mapaja ya Faida, na kelele za watu zilitoka nje.

"Vakseni imeua muzee! Mi niliona na macho yangu!"

"Hata sindano sijafungua!" alipiga kelele Zawadi kutoka mlangoni. "Mutu ameanguka kabla nimuguse!"

Hakuna aliyemsikiliza. Benchi lilikuwa tupu. Watu walikuwa wamesongamana nje ya lango, wakinitazama kwa mbali kama maiti, na wawili walikuwa wamekwisha kuondoka kabisa. Zawadi alipiga magoti.

"Muzee, leo ulikula nini?"

"Hapana kitu."

"Na jana?"

"Kipande cha muhogo. Asubuhi."

"Nani alikukataza kula?"

Nilifumba macho tena. Nimewakataza watu wengi mambo mengi katika maisha yangu, na hakuna aliyenidai maelezo. Nilimweleza habari ya tumbo tupu na ya salamu. Faida aliziba mdomo, lakini kicheko kilimtoka.

"Koko!" alisema, kama wajukuu wa kwetu wanavyomwita babu. "Kumbe njo sababu ulininyima hata mbote, hata salamu!"

"Muzee," alisema Zawadi bila kucheka, "hii dawa haina hayo masharti. Ulipashwa kuuliza tu."

Waliniketisha kwenye mkeka, wakaniletea chai ya sukari nyingi, kisha bugali na kipande cha mukeke, samaki wa ziwani. Nilikula vyote. Zawadi akasema kwamba hakuna anayelazimishwa. Ninaweza kupumzika, kurudi kesho, au kwenda nyumbani. Nje nilimwona Alimasi ameegemea pikipiki. Mlango ulikuwa wazi, na ningeweza kutoka. Kila mtu angeamini kwamba sindano ndiyo iliyoniangusha, na uongo wangu wa nje ya kanisa ungekuwa kweli ya Baraka nzima.

Mama Salima alikuwa mtu wa kwanza kuingia tena langoni, viatu bado mkononi. Alisimama mbali kidogo.

"Baba, uniambie kweli. Ni ile dawa ilikufanya hivi?"

Watu wa langoni walisogea karibu. Nilimwona Wilondja akisubiri jibu langu kwenye simu.

"Hapana, mama," nilisema. "Hawajanichoma. Ni njaa. Nilijinyima chakula mimi mwenyewe, kwa ujinga wangu."

Alinitazama sana. "Sawa. Kama ni njaa, na sasa umeshiba, tangulia. Mi nitakuangalia."

Sijawahi kuogopa hatua fupi kama zile, kutoka kwenye mkeka hadi kwenye meza. Nilikunja mkono wa shati. Nilitaka kuuliza kama ni kweli kuhusu msimu wa pili wa mvua, na safari hii nikauliza.

"Hapana, muzee," alisema Zawadi. "Mi mwenyewe nilichomwa, na mama yangu pia. Mukono unaweza kuuma, homa kidogo inaweza kuja. Ikizidi, unarudia hapa."

Sindano ilikuwa kama mwiba wa shambani, ikaisha kabla sijakaza meno. Nikaambiwa niketi kwanza wanitazame. Nikakaa benchini, watu wa langoni wakinihesabia pumzi, nami nikizihesabu pamoja nao. Mama Salima alisubiri muda mrefu. Kisha aliweka viatu chini, akavivaa, akaingia.

Kesho yake, Baraka, asubuhi. Mkono uliuma na mwili ulikuwa na joto. Nilivaa koti jeusi nikaketi kitandani kusubiri kifo. Faida alinikuta hivyo.

"Koko, unaenda harusini?"

Kufikia adhuhuri homa ilikuwa imekwisha, nikalivua.

Siku ya tatu, njia ya kurudi. Nilimwamuru Alimasi asimame Fizi. Nilimtafuta Etongo mpaka nikampata, nikanyoosha mkono wangu kwanza. Aliuacha hewani kidogo, haki yake, kisha akaushika.

Jioni, Lubondja. Nilikwenda kwa dada yangu Nyassa kabla ya kufika kwangu. Sisi wa tumbo la mama yetu tumebaki wawili. Alikuwa akimenya mihogo. Nilimweleza safari yote, na kwamba nimechanjwa, na kwamba sasa namruhusu naye aende.

Kisu chake kilisimama.

"Wilondja alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia hapana."

Alimenya muhogo mmoja hadi mwisho, akautia majini.

"Basi mi sitakuomba ruhusa," alisema. "Hata hii unanipa, ubaki nayo. Kesho naenda Baraka."

Nilichojifunza katika safari hii ni hicho alichoniambia dada yangu. Hofu yangu niliivika ukubwa wangu, nikamkabidhi mdogo wangu aibebe, naye akaibeba hadi ikamkata pumzi. Bado naogopa. Lakini sasa naogopa kwa niaba yangu peke yangu.

Alfajiri iliyofuata Nyassa alikula bugali mbele yangu, sahani nzima. Alipomaliza alisimama akatafuta mfuko wake. Nilikuwa nimekwisha kuubeba begani, nikimngoja mlangoni.