Maini ya Nakijwa

Nikisikia harufu ya maini yanayokaangwa, hata nikiwa napita stendi ya Same na haraka zangu, miguu hupunguza mwendo yenyewe. Wenzangu hudhani ni njaa. Ninyi niwaambie ukweli: ni aibu, na ni ya miaka mingi.

Kwetu Makanya maini yalikuwa ya wanaume. Baba akichinja mbuzi, ini lilichomwa kwanza, likaliwa na yeye na wageni wake. Sisi wasichana tuliambiwa msichana mla maini huwa mlafi na hapati mume, nasi tukaamini. Mwaka ule mvua iligoma. Mchicha na majani ya kunde yakapotea, tukabaki na makande mchana, makande jioni. Wapare tunachekwa kwa makande, na mimi nayapenda mpaka kesho, lakini mahindi meupe na maharage peke yake, bila hata tone la mafuta, hayamtoshi mtoto.

Mdogo wangu wa kike, Nakijwa, alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mmoja. Mchana alikimbia kama wenzake. Jua likianza kuzama nyikani, alikaa chini, au alitembea akipapasa ukuta. Mama alisema anakwepa kazi. Mimi, kwa ubaya wangu, nikampa jina: Kuku, maana kuku naye giza likiingia hana ujanja. Watoto wote wakalidaka. Nakijwa hakulia. Alijitafutia dawa yake mwenyewe: kila jioni alishika upindo wa khanga yangu, akanifuata.

Jioni moja mama alikuwa ameipua sufuria ya makande na kuiweka uani. Watoto wa jirani walikuwa wakitazama. Nikaichomoa khanga mkononi mwake, nikaruka pembeni ili tuone Kuku atafanyaje. Akanyoosha mikono, akapiga hatua mbili, akatumbukiza mguu sufuriani.

Kilio chake sitakieleza. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao, lakini siku ile aliyelila ni Nakijwa peke yake.

Kule zahanati, muuguzi alipomaliza kumfunga mguu, hakuuliza habari za sufuria. Alimtazama macho kwa muda mrefu, kisha akamuuliza mama kama mtoto huyu jua likizama anaona. Nikajibu mimi, "Haoni. Tunamwita Kuku."

Hakunikemea. Alimpa Nakijwa matone ya vitamini A, akamwagiza mama apike mboga za majani kwa mafuta, ampe na papai na maini. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba maini ni ya baba yake.

"Basi kamwambie baba yake achague," muuguzi akasema. "Maini, au macho ya mtoto."

Baba hakuwa mtu wa maneno. Alipochinja tena, wageni wakiwa wamekaa, alilitia ini lote kwenye bakuli la Nakijwa, akajipakulia makande. Mzee mmoja akaguna. Baba akasema tu, "Kula, mwanangu." Baada ya majuma machache Nakijwa alikuwa akituona jioni.

Nilipokuja kusomea uuguzi ndipo nikaelewa. Ule utando wa nyuma ya jicho ni mishipa ya fahamu, kipande cha ubongo kilichochungulia nje, na bila vitamini ile hauwezi kuona mwanga hafifu. Ubongo wenyewe huihitaji katika kujifunza na kukumbuka. Mama aliona uvivu, mimi niliona mchezo, kumbe ni ubongo wa mtoto uliokuwa ukiomba chakula.

Habari ya khanga sikumwambia mtu yeyote. Nakijwa naye hakusema, na kovu la mguuni analo mpaka leo.

Mwezi uliopita alikuja Same kunitembelea. Tulikula maini, tukatoka jua likizama. Anaona vizuri kuliko mimi mwenye miwani. Tulipofika barabarani nikahisi upindo wa khanga yangu umeshikwa. Sikugeuka. Nilipunguza mwendo, tukavuka.