Sauti Iliyomrudisha Hhando

Wifi yangu Marieta hapa Endasak anaogopwa vikaoni. Humwiga mwenyekiti mpaka mwenyekiti mwenyewe hugeuka kutafuta nani amesema. Lakini aliyemwiga sawasawa kuliko wote ni mama yangu, Helena, ambaye kila jioni alisimama ukingoni mwa shamba kumwita kaka yangu Hhando arudishe ng'ombe. Mama tulimzika mwaka juzi, na Marieta hakuacha utani wake. Nilimkanya amwache marehemu apumzike. Akanicheka.

Kisha Hhando, mume wake, akaanguka na bodaboda mteremkoni, akapoteza fahamu. Hospitalini, muuguzi Scola, mwenyeji wa Lindi, alituambia mgonjwa wa namna ile huenda anasikia, hivyo tumletee harufu na sauti alizozizoea. Marieta akampitishia puani kibuyu cha maziwa chenye harufu ya moshi. Akamtikisia kengele ya ng'ombe. Akamsugua viganja kwa punje za mahindi. Hhando alilala vilevile, na mimi niliyemshika miguu nilihisi baridi inapanda. Scola akauliza ni sauti ya nani ambayo huyu baba hakuwahi kuikaidi.

Marieta akanitazama. Nikatikisa kichwa. Lakini nani angemlaumu? Alimtaka mumewe. Akainama, akaita kwa sauti ya mama, ile ndefu ya ukingoni mwa shamba.

"Hhando, rudisha ng'ombe, giza linaingia."

Macho yakafunguka. Scola alilia kwa furaha. Hhando hakumtazama mkewe, alitazama mlangoni, akamwambia.

"Mama anasema umrudishie sauti yake."

Tulisema ni kichwa, kiligonga mawe. Sasa yuko nyumbani, anakula, anatembea, na Marieta haigi mtu tena. Ila jioni, ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini, sauti ile huita kutoka ukingoni mwa shamba. Nimeisikia mwenyewe, nimekaa na Marieta bega kwa bega, mdomo wake umefungwa. Naogopa, na sifichi, nina wivu pia. Mimi mwanawe haniiti.

Hhando huinuka kwenda. Hapo Marieta humshika mkono na kusema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ambayo hata sisi hatukuwa tumeizoea.

"Baba Gidion, kaa."

Hugeuka mlangoni, akasikiliza huku na huku. Mpaka jana alikaa. Leo jua bado halijazama.