Simu Ilivyonisikia

Macho yangu yamefifia, nami namshukuru Mungu kwa simu inayoandika unachotamka. Wiki ile nilikuwa nagombea uzee wa kanisa hapa Ipyana, nikaitumia kuwakumbusha washarika: baada ya ibada, njooni wote, kuna kura. Sikuusoma ujumbe, nikautuma.

Jumapili kanisa lilijaa, akina mama wameshika sahani.

Mchungaji aliinua simu yake. "Mzee, umeandika 'njooni wote, kuna kula.' Mgombea anawalisha wapiga kura? Hii si takrima?"

Nikasimama mbele ya wote. "Mchungaji, simu imenisingizia! Nilisema kula, sikusema kula!"

Kanisa likaangua kicheko. Mke wangu akanivuta koti. "Kaa chini, Baba Tusajigwe. Ulimi wetu Wanyakyusa hauna r. Simu imeandika ulivyosema."