Mama mkwe wa Denmark na kima ya mama yangu

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Mimi si mwandishi, mimi ni mpishi. Nina hoteli ndogo hapa Garsen, ya chapati, wali na sambusa. Haya ninayowaletea sijayatia chumvi. Chumvi naiweka kwenye sufuria tu.

Ni habari ya nyama ya kusaga. Ilibaki kidogo ivunje ndoa ya mdogo wangu.

Mdogo wangu, Jillo, anafanya kazi Denmark. Huko akampata Mette, msichana mpole, nesi. Wakaja nyumbani kufunga nikahi, na Mette akaja na mama yake, Birthe. Jina hilo lilitushinda, tukamwita Mama Bita. Akaitika bila neno.

Jillo alikuwa na sharti moja: bila radhi ya mama yetu, hafungi ndoa. Na mama alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alikuwa anawaangalia tu.

Niwaeleze kidogo kuhusu mama. Yeye ni mzaliwa wa Ozi, kule upande wa Kipini, na Kiswahili chake ni cha pwani hasa. Vijana wa Garsen wanasema minced. Mama anasema kima. Kwake nyama ya ng'ombe ikishasagwa ni kima, hakuna mjadala.

Sasa, siku waliyofika, Jillo aliwapitisha kando ya mto. Kwenye miti kulikuwa na wanyama wanarukaruka na mikia yao mirefu. Mama Bita akauliza wanaitwaje.

Jillo akamwambia, kima.

Mama wa watu akafurahi! Ndilo neno lake la kwanza la Kiswahili baada ya jambo. Aliingia nyumbani akilirudia.

Nadhani mshaona balaa linakotokea. Sisi hatukuliona.

Jioni ile mama akamketisha mgeni mkekani. Akachukua kisu, akamwonyesha kwa mikono jinsi atakavyokatakata. "Mkwe, kesho 'takupikia kima. Mimi mwenyewe, simwachii mtu."

Mama Bita akatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikaa vibaya. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Kesho yake kima ikaja, na wali wa nazi. Mama Bita akala wali mtupu. Akashika tumbo, akaomba radhi.

Mama akasema sawa, pengine mchuzi ulikuwa mzito. Akatengeneza kababu. Mgeni akauliza, "Kima?" Mama akaitikia kwa furaha, "Kima!" Mgeni akala ndizi.

Mimi nikaleta sambusa zangu za hotelini, zile ambazo madereva wa malori wanasimama kwa ajili yake. "Kima?" "Kima, mama, karibu!" Akarudi kwenye ndizi.

Wakuu, mimi nina hasira za karibu. Mtu akikataa chakula changu naumia kweli. Nikaanza kumwona mama huyu ana dharau, amekuja Afrika kutukunjia pua.

Mama yangu ndiye aliyeumia zaidi. Akamwita Jillo jikoni, nami nikiwepo. "Yuaona kinyaa na chungu changu. Kama chakula changu hakimfai, mimi nami nitamfaa vipi? Radhi sina, mwanangu. Ngojeni kwanza."

Jillo akatoka pale kanyong'onyea. Mette alilia. Nikahi ilikuwa Ijumaa na watu washaalikwa.

Mama Bita hakujua haya yote, lakini aliona hewa imebadilika. Akamwambia Mette anataka atupikie yeye, vyakula vya kwao. Nikampa jiko langu. Nilitaka nione huyo mpishi anayetukataa anajua nini.

Kumbe kwao Denmark nyama ya kusaga ndiyo chakula cha nyumbani hasa. Wana frikadeller, madonge bapa ya kukaanga. Wana madonge mengine ya kwenye mchuzi wa bizari, ambayo mimi nimeyapika miaka yote bila kujua ni ya Denmark. Asili yao huchanganya nguruwe na ndama, lakini Mette alishamweleza kwetu nguruwe haingii. Akasema hakuna shida, ng'ombe anatosha.

Basi tukaenda buchani, mimi, yeye na Mette. Mwenye bucha ni Muorma, rafiki yangu, Kiswahili chake cha kujitafutia. Akamwangalia mgeni, akauliza, "Mama hii anataka kima?"

Mama Bita akaruka nyuma. "No kima! No, no! Cow!"

"Ndiyo, kima," jamaa akasema. Akachukua paja la ng'ombe pale pale mbele yake, akakata, akatia kwenye mashine, akazungusha mkono wa mashine. Nyama ikatoka kule mbele. Akaielekeza kidole. "Kima."

Mama Bita akatazama mashine. Akatazama nyama. Halafu, wallahi, akakunja mikono, akajikuna kwapani, akaruka kidogo kama mnyama wa kwenye mti, akaniuliza, "This is not kima?"

Hapo ndipo taa ikaniwakia.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mette naye. Mama Bita alicheka, kisha akakaa kwenye kreti la soda akalia. Alidhani tangu aje tunamchinjia tumbili, na kwamba ndiyo heshima yetu ya wakwe. Mette akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba nyumbani kwao alifundishwa usimuulize mwenye nyumba ametia nini chunguni.

Hasira yangu iliishia pale. Nilimwonea huruma, mtu mzima kushinda na ndizi kwa ajili ya adabu.

Akapika. Yai, unga, maziwa, kitunguu cha kuparuza. Akachota kwa kijiko, akafinyanga madonge kiganjani, akakaanga kwa samli. Kisha akatengeneza mkate mkubwa wa nyama hiyo hiyo, nikamwokea kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Tukaandaa. Mama akauliza huu mkate waitwaje. Mette, kwa Kiswahili kidogo alichofundishwa na Jillo, akatafsiri neno kwa neno: "Sungura wa uongo."

Mama akarudisha mkono. "Sungura mimi sili."

"Hakuna sungura, mama!" Mette akasema. "Ni jina tu! Ni ng'ombe!"

Mama akatuangalia mmoja mmoja, uso umefunga. Nikaona niyaseme hapa hapa. Nikamweleza ya buchani, kima ya mtini na kima ya chunguni, mpaka kule kujikuna.

 Mama akamtazama Mama Bita, naye kainamisha kichwa kama msichana. Halafu mama akakata kipande cha ule mkate, akala, akatafuna taratibu.

"Sungura wake hayuko," akasema. "Kima wangu hayuko. Waliopo ni wana wetu. Haya, waozwe."

Jillo alitoka nje. Alikwenda kulia, msimwambie nimesema.

Ijumaa nikahi ikafungwa. Sinia la kwanza kutoka jikoni lilikuwa la sambusa. Mama Bita akachukua moja, akaninyanyulia mbele ya watu. "Kima?"

Nikamwambia, kima.

Akala, akachukua nyingine.

Nilichojifunza wakuu: mgeni akikataa chakula chako, kabla hujanuna, muulize amesikia nini. Sisi tulikaa tukimhukumu na yeye alikaa akituogopa, na wote tulikuwa na nyama ya ng'ombe ile ile.

Sasa nyinyi semeni. Huko kwenu nyama ya kusaga mnaiitaje? Na kuna mgeni mshawahi kumtisha kwa jina la chakula? Andikeni hapo chini, nasoma nikikanda chapati.