Ozoni ya Jirani

Haya jamani, wekeni glasi chini kidogo! Na wewe unayetafuna kahawa, tafuna polepole, usinipigie kelele. Hii sikusimuliwa, yalinipata mwenyewe.

Nyumba yangu iko Murongo, kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Moshi wake naujua mimi. Kuku wangu wanataga mayai meusi! Jirani yangu yuko kule bondeni, nyuma ya migomba, hajui hata kukohoa. Sasa akaja binti mmoja mtaalamu na mashine ya kupima hewa, namba zinawaka kama macho ya paka. Akaitundika wapi? Kwa jirani!

Chakula kikanishinda. Watu wanateremka makundi kwa makundi kwenda kuangalia namba. Mke wangu naye kila saa anakwenda kuomba chumvi. Chumvi ile ingekausha samaki wa ziwa zima. Akirudi, "Baba, leo kwa jirani imepanda!" Kwangu hajasifia kitu tangu nimuoe.

Nikamvizia binti njiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Moshi wangu, mashine ya jirani, ndiyo nini?"

Akacheka. Akasema ile hewa ya kwenye ekzosi haibaki ilivyo. Inakwenda na upepo, jua linaipika, ikifika mchana imezaa hewa nyingine, ozoni, kali, inaunguza hadi majani ya maharage. Ni kama juisi ya ndizi, hukamui sasa hivi ukalewa sasa hivi. "Kwako mzee moshi bado mbichi. Na moshi mbichi ukikutana na ozoni unaila palepale, hata salamu hazijaisha."

Mimi nilichosikia ni kimoja: kwa jirani kumeiva, kwangu kubichi. Nikawaka!

"Ilete kwangu mchana huuhuu tushindane!"

Akaileta, masikini, na kijiji kizima nyuma yake. Kwa jirani namba ilikuwa juu. Kwangu ikashuka hadi nusu. Watu wakaguna. Jirani akajishika kiuno, anatabasamu kama bwana harusi.

Nikawaita vijana wa bodaboda wa pale kijiweni. "Washeni zote! Vuteni mafuta!" Pikipiki zikanguruma mpaka Uganda wakadhani ni vita. Moshi ukapanda, jua likapotea. Namba nayo, badala ya kupanda, inateremka tu.

"Mzee, si nilikwambia?" binti anapiga kelele huku anakohoa. "Unazidi kuulisha moshi hiyo ozoni!"

"Ongezeni!" nikasema.

Ikafika karibu na sifuri. Jirani kakaa chini, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Jirani, pole. Hiyo ozoni ukiitaka nitakuletea kwa ndoo, mimi inaniunguzia maharage!"

Hapo ndipo mke wangu, kanga mdomoni, akapasuka mbele ya umati:

"Jamani! Waume wa wenzangu wanaonea wivu ng'ombe, wangu anaonea wivu sumu!"