Adabu ya Kukataa

Skuli, huko Unguja, kitenzi cha Kiingereza tempt tulifundishwa kama tunavyofundishwa madhambi. Mwalimu aliandika ubaoni: kushawishi, kumtia mtu tamaa ya jambo baya. Mfano wake ulikuwa Shetani na Bibi Hawa, basi, hakuna mwengine. Tukakariri, tukafaulu, na mimi nikaamini kwamba Mzungu akilitamka neno hilo, kuna mtu atatolewa peponi.

Nilikuja kulijua vyengine hapa Maskati, baada ya mapinduzi kututoa kwetu. Mama alikuwa akiumwa miguu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kwenye zahanati moja ya wageni kule Matrah, mji wa jirani, kwa kuwa nilijua Kiingereza. Daktari alikuwa mwanamke wa Kiingereza, mrefu, mtu wa haraka. Akiziona sambusa za mama, husema zinam-tempt. Jua likipungua ukali, bahari inam-tempt akaogelee. Hata bei ya kitambaa sokoni! Nikang'amua kuwa kwao ni neno la kila siku, la kuchekea: moyo umeshavutwa lakini mguu haujanyanyuka. Anayesema "I'm tempted" hajakubali wala hajakataa. Anangoja asukumwe kidogo.

Basi daktari akaona namna ninavyowafasiria wanawake wenzetu waliotoka Unguja, ambao Kiarabu cha hapa kiliwapiga chenga. Siku moja akanambia atakuja nyumbani kuniomba kwa baba nifanye kazi kwake. Yarabi! Wakati ule Maskati hakukuwa na skuli hata moja ya wasichana. Nikiikosa kazi ile, nitakaa ndani nishone kofia mpaka macho yaingie kiza. Niliitaka kuliko kitu chochote.

Na khofu yangu haikuwa ukali wa baba, maana baba hakuwa mkali. Niliogopa adabu yetu. Kwetu mtu haombwi jambo akakubali mara ya kwanza, ataonekana mlafi. Unakataa, unabembelezwa, unakataa tena, unabembelezwa tena, ya tatu ndiyo unakubali, kama mtu aliyeshindwa. Mzungu ukimwambia hapana, anachukua mkoba wake anakwenda zake.

Alikuja alasiri. Akavua viatu mlangoni, akala tende, akanywa kahawa, akakitikisa kikombe kuonesha katosheka, kama mwenyeji hasa. Nikapata matumaini. Kisha akamwelekea baba, akasema kwa Kiingereza kwamba amekuja kum-tempt aniruhusu nikafanye kazi. Baba hakujua Kiingereza. Akanigeukia.

"Kasemaje?"

"Anakuomba nikamsaidie zahanati, baba."

Baba akatabasamu, akapapasa ndevu. "Mwambie ahsante sana, lakini haiwezekani. Huyu ndiye mkono wa kulia wa mamake."

Baba nnamjua, ile ilikuwa ya kwanza, ya adabu. Lakini nikiifasiri neno kwa neno, kwisha habari yangu. Nikamwambia daktari kwamba baba is tempted, ila anamfikiria mama. Na ilikuwa tafsiri ya kweli, hata leo nitaitetea mbele ya mwalimu yeyote.

Daktari akacheka, akaongeza kuwa nitafanya kazi asubuhi tu, tena na wanawake watupu. Baba akakataa ya pili: njia ndefu, na watu watasema. Nikafasiri vile vile. Imebaki moja!

Daktari hakumgeukia baba. Alinigeukia mimi.

"Na wewe mwenyewe," akaniuliza kwa lugha yake, "are you tempted?"

Loo! Katika yote niliyojitayarishia, hilo halimo. Mtoto wa kike aliyelelewa hasemi anataka mbele ya babake. Mama, aliyekaa na dele lake la kahawa, alikuwa kanikodolea macho. Ulimi ukajiendea wenyewe: "No. No, thank you."

Akainamisha kichwa, akasema anafahamu, nimsamehe kwa kunisumbua. Akanyanyuka.

"Mbona anaondoka?" baba akashtuka. "Hajaniuliza ya tatu!"

"Kaniuliza mimi, baba."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia sitaki."

"Na kweli hutaki?"

Daktari alikuwa keshavaa viatu, anatupungia mkono, anatoka. Mimi nimesimama katikati ya chumba, nimeshika kikombe chake.

"Nataka," nikasema. Tangu nipate akili nilikuwa sijawahi kumwambia baba neno hilo, hata kwa andazi. Nikamtazama nikingoja anikemee.

"Sasa unanitazama mimi kwa nini?" akafoka. "Mgeni anakwenda!"

Nikatoka mbio, miguu mitupu, bila ya buibui, mama nyuma anapiga ukelele wa aibu. Daktari alikuwa ameshafika kwenye kona ya njia. Kiingereza chote kikanitoka kichwani, cha skuli na cha zahanati. Nikawa napiga kelele nataka, nataka, nataka, na yule mwanamke Kiswahili hajui hata neno moja. Akasimama.