Jivu la Bhupendra na Ngoma ya Gambuti

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Nakuru, walio hai na wale walio hai kwenye orodha ya wapiga kura tu, kwamba mnamo Agosti 2007 Bwana Bhupendra, mwenye kiwanda cha sabuni, alikubali kuachana na kitu chake kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kitu chenyewe kilikuwa jivu.

Boila yake ilikuwa ikila makaa ya mawe na kunya jivu kwa miaka mingi, mpaka uani, katikati ya kiwanda na nyumba yake, pakaota mlima. Na ua huo ndio Tejal, bintiye wa pekee, alioutaka kwa arusi yake. Hapo ndipo alipojifunza baiskeli. Ukumbi wa kukodi hakutaka hata kuusikia.

"Baba Tejal," mkewe Sudha alimwambia, "hiyo jivu ikibaki, arusi tunapeleka Kisumu kwa dada yangu. Wewe ubaki ukiichunga."

Bhupendra akatuma lori likalimwage jivu kwenye korongo moja huko Rongai. Wakulima wakalirudisha likiwa limejaa vilevile, na salamu kwamba ng'ombe wao hunywa maji ya korongo hilo.

Akawa anauzunguka mlima, mikono nyuma, hadi akajikwaa kwenye bonge gumu kama jiwe. Kiprugut, mchochea boila, alikuwa amemwaga gunia la chokaa ya ukuta pale kwa bahati mbaya, akaifukia kwa jivu ili asigunduliwe. Mvua ikanyesha, na sasa hata jembe lilidunda. Kiprugut alianza kuomba msamaha, bosi akamkumbatia.

Wakatandaza jivu ua mzima, wakalichanganya na chokaa na maji. Ikabaki kushindilia, na Bhupendra si mtu wa kukodi mashine ilhali ana ukoo. Akaitisha garba, ile ngoma ya kuzunguka mkikanyaga chini, wiki nzima kabla ya arusi. Kwa kuwa chokaa huchoma, kila mgeni akapewa gambuti. Mashangazi wa Kisumu wakazunguka na sari zao na gambuti zao, wafanyakazi wakaingia katikati, na shangazi mnene kuliko wote akashangiliwa kumshinda bibi arusi: alipokanyaga yeye, hapakuhitaji kurudiwa.

Mkesha wa arusi mvua ikamwagika. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa tope, ila uani kwa Bhupendra sakafu ilikuwa kavu na ngumu, na Tejal akauzunguka moto wa kiapo cha ndoa na bwana arusi wake, Ketan, bila doa kwenye pindo. Sudha alilia, kisha akauliza kama sakafu inaweza kufika jikoni.

Mzee Kosgei, jirani aliyewahi kuhudhuria semina ya mazingira, akanyakua maikrofoni. Akamtawaza Bhupendra mkombozi wa Bonde la Ufa, akamsihi alieleze taifa jinsi maono yale yalivyomjia.

Bhupendra akamaliza kutafuna jalebi yake iliyolowa shira.

"Nilikosa pa kuitupa, mzee."